Konzi Moja ya Ulezi

Jumatano ya Majivu, 16 Februari 1983

Padri Rafaeli hakuja. Petroli hakuna Musoma nzima, ndivyo tulivyoambiwa, na gari lake limekaa uani mwa parokia, kuku wanataga chini yake. Basi katekista Stanislausi ndiye aliyetupaka majivu. Mkono wake ni mzito, yangu yakaniingia jichoni. Nimeanza Kwaresima kwa kulia jicho moja.

Mwaka huu nafunga hasira. Padri mwenyewe ndiye aliyenishauri, akasema nisihangaike kufunga sukari kwa kuwa serikali imeshanifungia, nifunge ulimi. Alicheka alipokuwa akisema, lakini hakuwa anatania.

Jua kali. Vuli ilitupita na masika haijaonyesha hata wingu. Mama Nyangi ameshinda mlangoni akitazama upande wa ziwa. Ni mama wa marehemu mume wangu Thadeo, naye Thadeo alikuwa mwanawe pekee, kwa hiyo tumebaki wawili katika nyumba hii, mimi na yeye. Nilipomwuliza anatazama nini, alisema anatazama kama kuna kitu cha kutazama.

Ijumaa, 18 Februari

Foleni ya sabuni duka la kijiji. Sabuni iliisha nikiwa nimebakiza watu wanne mbele yangu. Nimefua kwa majani ya mpapai.

Jumapili, 20 Februari

Baada ya ibada tuliitwa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mzee Makongoro, mkubwa wa wazee wa mila hapa kijijini, alitangaza kwamba Ijumaa kila nyumba ilete konzi moja ya ulezi. Ulezi wote utapelekwa kilimani kwa mzee wa mvua. Atakayetia konzi yake kikapuni atamke mbele ya watu, "Nyumba yangu imekuja kwako, tupe mvua." Nyumba isiyotoa itatengwa. Haitasalimiwa, haitapewa moto, haitachota chemchemini, na ikifiwa haitachimbiwa kaburi.

Konzi moja. Hicho ndicho kinachoniudhi. Angedai ng'ombe ningekataa na kila mtu angenielewa. Konzi moja ya ulezi ni kitu ambacho kuku wangu anamwaga kwa asubuhi moja. Ukikataa unaonekana mchoyo, au kichaa.

Nyumbani Mama alishaanza kupepeta.

"Toa tu, mwanangu. Ulezi tunao."

"Siyo ulezi, Mama. Ni yale maneno. Siwezi kumwambia mtu wa kilimani kwamba nyumba yangu imekwenda kwake."

"Maneno ni upepo. Wewe sema haraka haraka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Sikiliza. Mimi nimezeeka. Sina mtoto mwingine wa kunizika. Ninao hawa watu wa kijiji tu. Nataka kuchimbiwa kaburi kama mtu."

Mama hajabatizwa. Jioni namfundisha Baba Yetu, anaijua karibu yote. Siwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya ubatizo ambao si wake.

Jumatatu, 21 Februari

Padri ametuma neno kwamba Mkristo asitoe. Neno limefika bila petroli, yeye ndiye hakuweza. Ni rahisi kukataza mambo ya mvua ukiwa kwenye maji ya bomba.

Ijumaa, 25 Februari

Leo imekuwa siku ndefu.

Makongoro alikaa kwenye kigoda, kikapu mbele yake, akawa anaita nyumba moja moja. Watu walipita, wakatia, wakasema. Niliwahesabu Wakristo wangu mpaka nikaacha. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alitia. Wanaoimba kwaya walitia, sauti ya kwanza na ya pili. Kisha ikaitwa nyumba ya Stanislausi. Mkewe akatoka mbele na konzi yake, akasema yale maneno kwa sauti ndogo. Katekista mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya ghala, anatazama chini, kana kwamba hiyo nyumba ni ya mtu mwingine.

"Nyumba ya Mwalimu Jenoveva."

"Haitoi, Mzee," nilisema.

"Umekosa ulezi?"

"Ulezi ninao. Hayo maneno nimeshampa mwingine."

Baadhi walicheka. Nilijisikia vizuri sana, na naandika hivyo kwa kuwa ndiyo kweli. Nilijisikia mrefu.

Makongoro hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mwalimu, hakuna anayekuchukia hapa. Umetufundishia watoto. Lakini tukikuacha wewe leo, kesho nani atasikia? Mvua haioneshagi huruma kwa kijiji chenye midomo miwili."

Nikatengwa. Mama Nyangi hakula.

Jumatatu, 28 Februari

Kila asubuhi darasa la tatu huwa wanasimama na kunipigia shikamoo mpaka bati linatikisika. Leo walisimama, wakanyamaza, wakakaa. Wameagizwa nyumbani. Tulifanya hesabu za kugawanya.

Mwalimu Mkuu, Bernado, alinieleza msimamo wake: "Wewe ni mfanyakazi wa serikali, Mwalimu. Serikali haitengwi. Kazi tutafanya. Ila salamu siyo kazi ya serikali."

Jumanne, 1 Machi

Chemchemini hawanitaki, sasa nachota lamboni, kule ng'ombe wanakokunywa. Maji yana rangi ya chai ya maziwa.

Jumatano, 2 Machi

Lambo. Bega linauma.

Jumapili, 6 Machi

Nilikwenda ibada. Benchi nililokaa lilibaki langu peke yangu. Stanislausi alihubiri habari za kishawishi, ndiyo, yeye, kwamba shetani haji na mapembe, anakuja na kitu kidogo. Nilisubiri aseme kitu hicho ni cha ukubwa gani. Hakusema. Nikatoka katikati ya mahubiri, na nilihakikisha mlango umelia.

Alinifuata nyuma ya kanisa, akanong'ona huku anatazama kama kuna mtu.

"Mwalimu, nina watoto saba. Wakinyimwa maji ningefanyaje?"

"Ungewaonyesha wote saba kwamba baba yao ana uti wa mgongo."

Alipokea lile neno kama kofi, akarudi ndani kumalizia mahubiri. Mfungo wangu umevunjika, na nilitembea mpaka nyumbani nimefurahi. Sasa hivi, ninapoandika, furaha imekwisha na lile neno limebaki.

Alhamisi, 10 Machi

Jua. Lambo. Jua.

Jumatatu, 14 Machi

Nimegombana na Mama kwa sababu ya sufuria. Haikuwa sufuria. Aliniambia, "Huyo Mungu wako anajua unavyobeba maji?" Nikamjibu vibaya. Kisha nikaenda kukaa kwenye kaburi la Thadeo nyuma ya nyumba, ambako huwa nakwenda nikishindwa na watu wazima walio hai.

Kuna jambo limenijia huko na silipendi. Ninapoomba siku hizi simwoni Mungu, namwona Makongoro kwenye kigoda. Nachota maji namwona. Nasema kimoyomoyo, hunipati. Sijui tena kama nimemshika Bwana au nimeshika tu shati la yule mzee na sitaki kuliachia. Ukaidi nao una nguvu, lakini hauombi. Thadeo angekuwapo angeniambia hivyo hivyo, ila kwa upole zaidi.

Ijumaa, 18 Machi

Mama anaharisha tangu juzi. Alikunywa maji ya lambo bila kuchemsha, mimi nikiwa shuleni. Kuni nazo ni taabu, na kiu haisubiri kuni.

Zahanati hakuna dawa. Mhudumu alinielekeza: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari. Nikamwuliza sukari naitoa wapi. Akasema yeye ameelekezwa kuelekeza.

Hospitali ni mbali na Mama hawezi kutembea. Anahitaji kitanda na wanaume wanne wa kumbeba. Kijiji hiki kina wanaume wanne wengi tu.

Jumamosi, 19 Machi

Nimempa uji wa chumvi. Hakai nao.

Jumatatu, 21 Machi

Bernado alipita mezani kwangu akiangalia dirishani, akadondosha karatasi iliyosokotwa, akaendelea na safari yake. Ndani kulikuwa na sukari, nyeupe, ya magendo ya Kenya. Hakunisalimu. Nililia mbele ya darasa la tatu, wakaniangalia, na mmoja akaanza kulia bila kujua kwa nini.

Jumatano, 23 Machi

Mvua imenyesha.

Ilianza mchana, na upepo kutoka ziwani, na ikapiga mpaka mito ikajaa. Watu walitoka wakacheza kwenye matope, nikasikia vigelegele kutoka nyumba hadi nyumba. Waliopita njia yetu walitazama mlango wangu, na sikuhitaji waniambie wanachofikiri. Konzi zao zimejibiwa. Mimi ndiye niliyewachelewesha.

Niliingiza ndoo chini ya paa. Nilimsema Mungu kwa sauti, Mama akiwa kitandani anasikia. Nilimwambia nimekubebea maji ya ng'ombe mwezi mzima. Sikukuomba muujiza. Nilikuomba tu usinifanye mjinga mbele yao. Ungeweza kuleta mvua hii kabla ya kikapu. Ungeweza kuichelewesha mpaka wasahau. Umechagua kuileta hivi, ili Makongoro aonekane yeye ndiye anayekujua. Niliyasema yote hayo. Nayaandika ili nisije nikajifanya baadaye kwamba nilikuwa mpole.

Alhamisi, 24 Machi

Asubuhi Mama alikuwa hana nguvu ya kuinua kikombe. Macho yameingia ndani. Sukari imekwisha.

Niliamua. Wala sikuamua, nilichoka tu, na kuchoka kukafanya kazi ya kuamua. Niliingia stoo nikachota konzi moja ya ulezi, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Nitakwenda kwa Makongoro, nitasema yale maneno haraka haraka, na kabla ya saa sita kitanda kitakuwa njiani na wanaume wanne. Mungu atanielewa, nilijiambia. Kama hataki kunielewa, nami sijamwelewa, tutakuwa sawa. Na kwa kweli ni kwa ajili ya mgonjwa. Hata Padri angekuwapo, angeweza kusema nini? Sikuwahi kuona kishawishi chenye sura nzuri namna ile. Kilikuwa kimevaa huruma kutoka kichwani hadi miguuni.

Nilipofika mlangoni Mama akaniita.

"Kwenye khanga kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Fungua."

Nikafungua. Aliutazama ule ulezi.

"Unampelekea Makongoro."

"Wewe ndiye uliyetaka tangu mwanzo. Ulisema nitoe tu. Ulisema maneno ni upepo."

"Nilisema." Alipumzika. Kila sentensi ilimgharimu. "Mimi nimetoa konzi maisha yangu yote. Nilitoa nipate mtoto. Nilitoa kwa mvua. Thadeo alipougua nilitoa ukiwa shule, hukujua. Nilikuwaga natoa kwa sababu naogopa. Watu wote niliowajua wanaogopa na wanatoa. Wewe ndiye mtu wa kwanza nimemwona anaogopa na hatoi."

"Mama, siyo imani. Ni ukaidi tu. Nimejichunguza nikaona."

"Basi sasa umeisha ukaidi?"

"Umeisha."

"Vizuri. Sasa kaa hapa tuone kama kuna kitu kingine."

Nilimwambia atakufa. Nilimwambia hivyo hivyo, sikuzunguka. Akasema anajua, kwamba wanaume wanne hawawezi kuvuka mto uliojaa hata wakitaka, na kwamba sisi walimu tunajua vitabu lakini hatujui mito. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba siku nzima:

"Ukienda huko leo, mimi sitakuwa na wa kumwamini. Usiniharibie, mwanangu."

Nilikaa chini palepale mlangoni, kwenye matope yaliyoingizwa na mvua, khanga imefunguka. Sikuwa na nguvu yoyote. Nguvu zangu ziliishia pale, nataka nilikumbuke hilo kwa usahihi, kwa sababu nitakuja kusifiwa na watu wasiojua. Mimi nilikuwa nimeshakwenda. Miguu tu ndiyo ilikuwa haijafika. Aliyenirudisha ni mwanamke ambaye hajabatizwa, na aliyemtuma namjua, ingawa jana nilimtukana.

Tuliupika ule ulezi. Uji ukakaa tumboni mwake.

Jumapili ya Matawi, 27 Machi

Mvua. Mama ameketi kidogo. Sikwenda ibada. Tumesali wawili, na safari hii alifika mwisho wa Baba Yetu bila kusaidiwa.

Jumanne, 29 Machi

Amerudi chini. Mchana aliniuliza kama ni lazima kumsubiri Padri. Nikamweleza kwamba kwa mtu aliye katika hatari, Mkristo yeyote anaweza kubatiza.

"Hata wewe mwenye mdomo?"

"Hata mimi."

Aliuliza jina. Nikamtajia majina ya watakatifu niliyoyakumbuka, akayakataa moja moja, akisema hili refu, hili kama la mbuzi. Mwisho akachukua Ana, kwa kuwa halimchoshi kulisema. Nilimmiminia maji ya mvua, yaleyale niliyoyakinga siku ile nikitukana. Maji yakamwingia sikioni, akanicheka.

Baadaye alisema, "Kuhusu kaburi usijali sana." Lakini nilijua anajali. Alishika mkono wangu muda mrefu alipokuwa akisema.

Jumatano, 30 Machi

Mama Ana Nyangi amefariki alasiri. Sikulia kwa sauti, kwa kuwa kilio ni cha kuwaita watu, nami nilijua hawaji. Nimemwosha na kumfunika shuka ya ndoa yangu.

Alhamisi Kuu, 31 Machi

Kulipokucha nilichukua jembe nikaenda pembeni mwa kaburi la Thadeo. Huku kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Wapita njia walisimama barabarani, wakaangalia, wakaondoka. Makongoro naye alikuja akasimama na fimbo yake. Sikuona furaha usoni mwake. Nadhani alikuwa anangoja niseme neno moja tu, na kama ningelisema angekuja kushika jembe yeye mwenyewe.

Juu udongo ulikuwa laini kwa mvua, ila shimo lilipofika magotini ukawa mwamba. Jembe likawa linaruka. Malengelenge yakapasuka. Nilikuwa najiuliza kama nitamzika mama wa watu kwenye shimo la mbuzi, yeye aliyeomba kitu kimoja tu.

Nikasikia mtu anakuja. Stanislausi, na sururu begani. Alipita mbele ya Makongoro, mbele ya watu wote waliosimama, asinong'one safari hii.

"Mwalimu, nimekuja kuchimba."

"Watakutenga."

"Wameshaniambia pale njiani."

"Na watoto saba?"

"Mama yao ndiye amenipa sururu."

Nilinyooka. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunga tangu Februari, kila safari ya lamboni, na yalikuwa mazuri kuliko lile la uti wa mgongo. Ningemwuliza alikuwa wapi mgonjwa akihitaji kubebwa. Ningemwuliza kama huyo aliyelala ndani, aliyebatizwa juzi na mwanamke, ndiye anayetakiwa kuongozwa na katekista kama yeye. Angeyapokea yote, kwa kuwa yalikuwa kweli, na angegeuka akaondoka na sururu yake, nami ningebaki juu ya mwamba nikiwa na haki. Watu barabarani wangesikia. Nilitaka kuyasema kuliko nilivyowahi kutaka maji katika Kwaresima hii yote. Ulezi niliukataa kwa ukaidi, na ukaidi ulipoisha nikashikwa mkono. Kwa hili sikuwa na ukaidi wa kunisaidia. Ukaidi wenyewe ulikuwa upande wa pili.

Nilisema moyoni, Bwana, mimi siwezi, fanya wewe. Hakuna nilichohisi. Mdomo wangu tu ulibaki umefungwa mpaka hasira ikakosa pa kutokea, na Stanislausi bado alikuwa amesimama ukingoni, anangoja kufukuzwa.

"Huku kichwani ndiko kuna mwamba," nikamwambia. "Anzia hapo. Udongo nitatoa mimi."

Akashuka.